Joto na Halijoto: Kidaka cha Sampuli katika Spektrofotometa na Swali la Istilahi

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, tunakusudia kueleza kwa Kiswahili kazi ya kifaa kimoja kidogo cha maabara, yaani kile kitundu ambamo sampuli huwekwa ndani ya spektrofotometa, na ambacho huiweka sampuli hiyo katika ujotojoto au ubaridi uliokusudiwa na mtafiti. Pili, tunakusudia kuonyesha kwamba kifaa hicho, kwa jinsi kifanyavyo kazi, kinailazimisha lugha yetu kutenga maana mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchukuliwa kuwa moja.

Msomaji wa jarida la lugha ana haki ya kuuliza: mambo ya maabara yatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kisa kifupi. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, mhadhiri wa bayokemia, alituomba tumwandikie kwa Kiswahili karatasi ya maagizo ya kifaa hicho, itundikwe ukutani kwa faida ya wasaidizi wa maabara. Kazi hiyo tuliimaliza kwa jioni mbili, tena kwa kujiamini. Shahada ya ng'ambo tulikuwa nayo, na kamusi zilikuwa mezani. Katika karatasi hiyo tuliandika kwamba kifaa "huhamisha joto ili joto lisibadilike", na kwamba "joto likitulia, kazi ya kulisawazisha imekwisha".

Msaidizi mmoja aliisoma karatasi hiyo kwa makini. Akatazama tarakimu za kifaa, akaona zimetulia kwenye 20. Joto limetulia, kazi imekwisha. Kwa hiyo akafunga bomba la maji yaliyokuwa yakipita nyuma ya kifaa. Baadaye swichi ya usalama ilikata umeme, na sampuli za siku nzima zikaharibika. Tulipokwenda kuona, alituambia kwa upole: "Mwalimu, mimi nimefuata maandishi yako." Alikuwa amesema kweli. Kosa halikuwa la msomaji bali la mwandishi. Makala haya ni jitihada ya kulieleza kosa hilo na kulisahihisha.

2. Spektrofotometa ni kitu gani

Spektrofotometa ni chombo cha kupimia kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na dutu. Taa hutoa mwanga wa mawimbi ya kila namna. Mwanga huo hupitishwa katika sehemu yenye mistari myembamba sana iliyochorwa sambamba, nayo huutawanya kama upinde wa mvua. Mtafiti huchagua wimbi moja tu, kwa mfano lenye urefu wa nanometa 340, na wimbi hilo hupenya katika kichupa chenye mmumunyo unaochunguzwa. Upande wa pili kuna kipokezi kinachopima mwanga uliosalia.

Kichupa hicho huitwa kuveti. Kwa kawaida kina pande nne, na njia ya mwanga ndani yake ina urefu wa sentimita 1 kamili. Kuveti za kioo cha kawaida zafaa kwa mwanga unaoonekana kwa macho. Lakini kwa miale ya zambarau-nje hutumiwa silika safi iliyoyeyushwa, kwa sababu kioo cha kawaida huizuia miale hiyo.

Msingi wa upimaji huu ni wa zamani. Bouguer alieleza kupungua kwa mwanga katika vitu angavu mwaka 1729, Lambert akalieleza jambo hilo kihisabati mwaka 1760, na Beer akalihusisha na wingi wa dutu katika mmumunyo mwaka 1852. Kwa ufupi, ufyonzaji huongezeka kwa kadiri dutu inavyokuwa nyingi na kwa kadiri njia ya mwanga inavyokuwa ndefu. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba sehemu moja tu katika kumi ya mwanga imepenya. Ufyonzaji wa 2, sehemu moja katika mia. Mwaka 1941 kampuni ya Arnold Beckman huko California ilianza kuuza spektrofotometa iliyojulikana kwa herufi DU, na tangu hapo kazi iliyokuwa ya saa nyingi ikawa ya dakika chache.

3. Kwa nini sampuli ilindwe

Laiti kila dutu ingefyonza mwanga kwa namna ile ile, iwe asubuhi ya baridi au alasiri ya jua kali, kifaa tunachokizungumzia kisingehitajika. Lakini sivyo ilivyo.

Tuchukue mfano wa vimeng'enya. Mabadiliko mengi ya kikemia yanayoendeshwa na vimeng'enya hupimwa kwa kuangalia dutu iitwayo NADH, ambayo hufyonza mwanga wa nanometa 340. Kadiri NADH inavyotumika, ndivyo ufyonzaji unavyopungua, na kasi ya kupungua huko ndiyo kasi ya kimeng'enya. Sasa kasi ya vimeng'enya vingi, kwa makadirio, huongezeka maradufu kwa kila digrii 10 za Selsiasi, maadamu kimeng'enya chenyewe hakijaharibiwa na joto. Hii ni kama asilimia 7 kwa digrii moja. Tuseme maabara ya Nairobi ina digrii 18 asubuhi ya mwezi wa Julai, na digrii 24 alasiri. Kimeng'enya kile kile, katika mmumunyo ule ule, kitaonekana alasiri kuwa na nguvu zaidi kwa karibu nusu nzima. Mtafiti asiyejua jambo hilo aweza kudhani amegundua kitu, kumbe amepima hali ya hewa.

Tena maji yenyewe hutanuka yanapopata joto, hivyo dutu iliyomo hupungua kwa kila mililita. Hata viowevu vinavyotumiwa kutuliza ukali wa asidi navyo hubadilika. Kile kiitwacho Tris, kinachotumika sana katika bayokemia, hushuka kwa takriban 0.03 ya kipimo cha pH kwa kila digrii inayopanda. Kwa hiyo kikitengenezwa kwa digrii 25 na kutumiwa kwa digrii 37, pH yake huwa imeshuka kwa theluthi moja hivi ya kizio. Ndiyo sababu ripoti ya kisayansi isiyotaja halijoto ya kipimo huhesabiwa kuwa pungufu.

4. Jinsi kifaa kifanyavyo kazi

Kifaa cha awali kilikuwa rahisi. Kuveti iliwekwa katika bonge la chuma lenye mifereji ndani yake, na maji kutoka katika hodhi yalisukumwa kwa pampu yapite katika mifereji hiyo kwa njia ya mipira. Namna hii ingali inatumika na ina faida zake, lakini ni nzito. Kuyabadili maji ya hodhi nzima huchukua muda mrefu, na njiani maji hupoteza au hupata joto. Hodhi ikisoma 37, sampuli yaweza kuwa chini ya hapo.

Kifaa cha kisasa hutumia ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834. Aliona kwamba mkondo wa umeme ukipita katika maungio ya metali mbili tofauti, ungio moja hupoa na jingine hupata moto. Kwa metali za kawaida athari hiyo ni ndogo mno. Ilikuja kuwa na manufaa makubwa katika karne ya ishirini, zilipopatikana dutu kama mchanganyiko wa bismathi na teluriamu. Vipande vya dutu hizo hupangwa katika kibao chembamba ambacho upande wake mmoja hugusa bonge linaloshika kuveti, na upande wa pili hugusa maji yanayopita au mapezi ya kupozea. Umeme ukienda huku, joto hutolewa kwenye sampuli na kupelekwa upande wa maji. Umeme ukigeuzwa, joto huvutwa kutoka upande wa maji na kuletwa kwenye sampuli. Hakuna kinachozunguka wala kinachowaka. Kipimajoto kidogo kilichozamishwa katika bonge hutoa habari, na mitambo ya kielektroniki huongeza au hupunguza mkondo mara nyingi kwa dakika.

Hapa ndipo penye shina la kisa chetu. Chumba kikiwa na digrii 26 na sampuli ikitakiwa kubaki kwenye digrii 20, joto la chumba halikomi kuingia. Kifaa nacho hakina budi kulitoa bila kukoma. Tena joto linalofika upande wa maji ni lile lililotolewa kwenye sampuli, pamoja na lile linalotokana na umeme wenyewe. Tarakimu zimetulia kwa sababu kazi inaendelea, wala si kwa sababu imekwisha. Maji yakifungwa, upande wa pili hupata moto haraka, na kifaa hushindwa.

Kuna mambo mengine ambayo mtumiaji hana budi kuyajua. Bonge kufika digrii 37 si sawa na sampuli kufika digrii 37. Hivyo yafaa kungoja, au kuweka kipimajoto ndani ya kuveti yenyewe. Kijiti kidogo cha sumaku huzungushwa chini ya kuveti ili mmumunyo uwe sawa juu na chini. Sampuli inapopozwa chini ya ubaridi wa chumba, kuveti hutoka jasho kama glasi ya maji ya barafu, na jasho hilo huutawanya mwanga. Shida hii ni kubwa zaidi Mombasa kuliko Nairobi kwa sababu ya unyevu wa pwani. Dawa yake ni kupuliza hewa kavu au naitrojeni kavu kuizunguka kuveti. Sampuli inapopashwa moto, hewa iliyomo ndani ya maji hutoka kwa mapovu, nayo huharibu kipimo. Kwa hiyo hewa hiyo hutolewa kabla ya kuanza.

5. Joto na halijoto

Sasa turudi kwenye sentensi yetu mbaya: kifaa "huhamisha joto ili joto lisibadilike". Joto la kwanza ni nishati inayotoka mahali pamoja kwenda pengine. Joto la pili ni hali ya kitu, ile inayosomwa kwenye tarakimu. Kikombe cha chai chenye digrii 80 kina joto kidogo kuliko pipa la maji lenye digrii 40; lakini kikombe ndicho kitakachouunguza ulimi. Msemaji wa kawaida hasumbuki, kwa sababu muktadha humtosha. Msaidizi wa maabara hakuwa na muktadha ila karatasi yetu.

Katika Kenya watu wengi, hasa watangazaji wa habari za hali ya hewa, husema "kiwango cha joto". Msemo huu unaeleweka, lakini una kasoro moja kubwa. Kiwango chaweza kuwa cha wingi, na chaweza kuwa cha ukali. "Kiwango cha joto kilichotolewa na kifaa" ni kipi kati ya hivyo viwili? Swali linabaki palepale. Neno "halijoto", ambalo limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya kisayansi ya Tanzania, linaikwepa kasoro hiyo, kwa sababu latamka wazi kwamba ni hali inayosemwa, si wingi.

Kuna faida nyingine ambayo, kwa maoni yetu, haijapewa uzito unaostahili, nayo ni ya kisarufi. Joto limo katika ngeli ya LI-YA. Halijoto imo katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo tofauti ya maana haibaki kwenye nomino pekee, bali huenea katika sentensi nzima. Tukisema "linatoka lakini inabaki ile ile", mjuzi wa Kiswahili anayefuatana na mazungumzo atajua kinachotoka ni nini na kinachobaki ni nini, hata nomino zenyewe zikiachwa. Lugha nyingi za Ulaya hazina msaada wa namna hii. Upatanisho wa ngeli, ambao wageni huulalamikia, hapa ni mtumishi wa fikra.

Pingamizi moja huletwa na neno "kipimajoto". Likifuatwa herufi kwa herufi, lingekuwa jina la chombo cha kupimia nishati, ilhali chombo chenyewe hupima halijoto. Je, libadilishwe? Hatuoni haja. Neno lililokubalika vinywani mwa watu lina haki yake, na maana ya neno si jumla ya viungo vyake tu. Yatosha mwalimu kuwatahadharisha wanafunzi.

6. Jina la kifaa

Karatasi yetu ya kwanza ilikiita kifaa hiki "kishikio cha sampuli". Hilo nalo lilikuwa kosa. Kishikio ni mahali pa kushikia, kama mkono wa kikombe au wa mfuko. Mtu akiambiwa "kishikio kina digrii 90", kwa desturi ya lugha mkono wake utakwenda hapo hapo! "Kishikizi" nacho kimekwisha kutwaliwa na nguo, kwa maana ya kifungo.

Tunapendekeza neno "kidaka". Katika nyumba za kale za mawe za pwani, hasa Lamu, zidaka ni vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa ajili ya kuwekea vyombo. Kifaa chetu ni hivyo hasa: ni kishubaka katika bonge la chuma, kilichopimwa kwa ukubwa wa chombo kinachowekwa ndani yake. Ni kweli kwamba kidaka pia ni nazi changa, lakini hatudhani msomaji yeyote atatafuta nazi ndani ya spektrofotometa. Jina kamili litakuwa "kidaka chenye kudhibiti halijoto". Tumechagua "kudhibiti" badala ya "kudumisha" kwa sababu kifaa hakidumishi tu. Mara nyingine huagizwa kuipandisha halijoto hatua kwa hatua.

Ama spektrofotometa yenyewe, tunaonelea ibaki hivyo. "Kipimamwanga" lingefaa chombo chochote kinachopima mwanga, hata kile cha wapiga picha. Si kila neno la kigeni ni deni. Mengine ni mgeni aliyekuja na kazi yake.

7. Kuyeyuka au kufumuka

Mfano wa mwisho unatokana na kule kupandisha halijoto hatua kwa hatua. DNA ina mikufu miwili iliyosokotana. Inapopashwa moto mikufu hiyo huachana, na ufyonzaji wa mwanga wa nanometa 260 hupanda hadi kufikia takriban asilimia 40 zaidi. Halijoto ambapo nusu ya DNA imeachana ina maana kubwa, kwa kuwa huonyesha kadiri ya jozi za G na C zilizomo. Mwaka 1962 Marmur na Doty walionyesha kwamba, katika mmumunyo wa chumvi waliotumia, halijoto hiyo ni 69.3 kujumlisha 0.41 mara asilimia ya G na C. Penye asilimia 40 tunapata digrii 85.7, penye asilimia 60, digrii 93.9. Kidaka hakina budi kupanda polepole, pengine nusu digrii kwa dakika, la sivyo sampuli itabaki nyuma ya bonge na hesabu yote itapotoka.

Lugha za Ulaya hukuita kuachana huko "kuyeyuka". Tukilifuata neno hilo tutapotosha, kwa maana DNA hapo haiwi maji kama samli juani. Ilikuwa ndani ya maji tangu mwanzo. Kiswahili kina neno lililo sahihi zaidi: "kufumuka". Mkeka hufumuka, nywele zilizosukwa hufumuliwa, na kilichofumuka chaweza kusukwa tena, kama mikufu ya DNA iwezavyo kurudiana ikipozwa taratibu. Hivyo tuseme "halijoto ya kufumukia". Kwa sababu iyo hiyo, katika mada hii tumetumia "digrii" badala ya "nyuzi", maana sentensi kama "nyuzi mbili hufumuka kwenye nyuzi 86" ingemchosha msomaji bure.

Mtafiti wa Nairobi aongeze tahadhari moja. Mji huo upo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye takriban digrii 94. DNA yenye asilimia 60 ya G na C ingefumuka papo hapo mmumunyo unapotokota! Njia ya kutoka ni kupunguza chumvi, jambo linaloishusha halijoto ya kufumukia, na kuifunga kuveti barabara. Maagizo yaliyoandikwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari hayana haja ya kulitaja jambo hili. Atakayelitaja ni yule aandikaye kwa ajili ya watu wa hapa.

8. Hitimisho

Imesemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mfano wetu waonyesha kwamba tatizo halikuwa ukosefu wa maneno. Halijoto lilikuwapo, kidaka kilikuwapo, kufumuka kulikuwapo. Kilichokosekana ni mwandishi kukaa na mtu wa maabara hadi akaelewa kinachotendeka, kabla ya kufungua kamusi. Istilahi haitungwi mezani tu. Hutungwa pia mbele ya kifaa, na hujaribiwa na yule atakayeitumia.

Karatasi mpya ilipoandikwa, tulimpa kwanza msaidizi yule aisome mbele yetu. Sentensi yenyewe sasa yasema: "Kifaa huhamisha joto wakati wote ili halijoto isibadilike, kwa hiyo maji yasifungwe hata tarakimu zikitulia." Aliisoma mara moja, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuifungua bomba.